Hakuuliza

"Una swali jingine?" mzee aliniuliza. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya uzio, mwingine umeshika kamba ya farasi.

Nilikuwa nimeshauliza maswali yangu yote. Niliyaandika kwenye simu usiku uliotangulia, yakafika kumi na moja, na nikayauliza kwa mpangilio kama mtu anayejaza fomu ya mgonjwa. Ana umri gani? Miaka kumi na miwili. Amewahi kuchechemea? Hajawahi. Anapiga teke? Hapigi. Anakubali kushikwa kwato? Anakubali. Kwa nini unamuuza? Magoti yangu yamechoka, binti, sipandi tena. Kila swali alilijibu kwa sentensi moja, na baadaye nilikuja kugundua kwamba kila jibu lilikuwa la kweli.

"Hapana," nikasema. "Sina swali jingine."

Akanyamaza. Akamtazama farasi, akanitazama mimi, akatazama bonde. Halafu akataja bei, nayo ilikuwa pungufu ya dola elfu moja kuliko ile aliyoiandika kwenye tangazo. Sikuwa nimeomba punguzo. Nilijipongeza kimoyomoyo, nikidhani mzee ameona mtu anayejua kuuliza akaamua kutosumbuana naye. Nikahesabu dola 4,200, tukatia saini karatasi iliyosema farasi anauzwa kama alivyo, akanipa na cheti cha kipimo cha Coggins, kinachothibitisha kwamba farasi hana ule ugonjwa wa kuambukiza unaokausha damu. Farasi jike, rangi ya chokoleti, singa nyeupe kama katani. Jina lake Penny, yaani senti.

Miaka mitatu imepita. Katika miaka hiyo nimeufikiria ule ukimya wa mzee kuliko nilivyowahi kufikiria maneno ya mtu yeyote.

*

Mimi ni mtu wa Dodoma. Naandika haya nikijua swali la kwanza la msomaji: mtu wa Dodoma na farasi wapi na wapi?

Nilipofika Marekani nilianza kwa kupakua mizigo ghalani, zamu ya usiku, huku nikisubiri vyeti vyangu vya maabara vitambuliwe. Vilipotambuliwa, mgongo ulikuwa umeshaharibika. Nilikuwa naishi Lexington, Kentucky, mji wenye Wakongomani wengi kiasi kwamba unaweza kununua unga, kusuka nywele na kugombana na fundi gari, vyote kwa Kiswahili. Lakini ukitoka nje ya mji kidogo tu, nchi yote ni ya farasi. Uzio wa mbao kila upande, malisho ya kijani, na ndani yake wanyama wa mbio ambao mmoja huweza kuuzwa kwa fedha za kujenga shule.

Hao si wa watu kama mimi. Lakini mfanyakazi mwenzangu alikuwa na shamba dogo na farasi wawili wazee, akanikaribisha Jumapili moja. Nilipanda mmoja wao akaenda matiti, ile mbio ndogo ya kurukaruka, na mgongo wangu ukalia kama mlango mbovu. Akacheka, akaniambia kwamba mtu mwenye mgongo kama wangu anatakiwa kutafuta farasi wa milimani.

Mashariki ya Kentucky, kwenye vilima vya Appalachia, wakulima walifuga kwa vizazi vingi farasi wenye mwendo wa kipekee. Wanawaita Rocky Mountain, kwa sababu ya masimulizi kwamba dume la kwanza lililetwa kutoka milima hiyo ya magharibi mwishoni mwa karne ya 19, ingawa aina yenyewe ni ya hapohapo Kentucky. Anayetajwa zaidi kuwa aliilinda ni mkulima aitwaye Sam Tuttle, aliyekuwa akikodisha farasi kwa wageni katika hifadhi ya Natural Bridge. Dume lake, Old Tobe, lilibeba watalii wasiojua kupanda, likaishi miaka 37. Chama cha kuwasajili farasi hao kilianzishwa mwaka 1986.

Upekee wao uko kwenye miguu. Farasi wa kawaida anapoenda matiti hunyanyua miguu miwili miwili, na kila inapotua mpandaji hurushwa. Hawa hutua mguu mmoja baada ya mwingine, ta-ka-ta-ka, kila kwato kwa zamu yake, kwa hiyo daima kuna mguu chini. Unakwenda haraka lakini kiuno hakiruki. Watu wenye migongo na magoti mabovu huwatafuta kama dawa.

Kiswahili kina neno la mwendo wa jamii hiyo, ingawa wengi wetu tumelisahau: telki. Kamusi za zamani zinalitaja kwa punda wanaokwenda upesi kwa hatua fupifupi laini. Zamani Unguja, watu wenye uwezo walipanda punda weupe wa Maskati, na mtu aliyenunua punda wa kupanda alijali mwendo wake kama sisi tunavyojali injini ya gari. Nilifurahi kulikuta neno hilo. Siku nilipompanda Penny mara ya kwanza kwenye njia ya nyuma ya zizi la mzee, nililisema kwa sauti, peke yangu: telki. Alikuwa anateleza kama mtumbwi.

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa amenishauri nilipie daktari wa mifugo amkague farasi kabla ya kununua. Ingekuwa dola mia kadhaa. Nilimwona Penny akitembea, nikaona miguu mizuri, nikaona mzee mpole mwenye shati safi. Nikasema hizo mia kadhaa zitanunua tandiko.

*

Wiki ya sita, tukiwa kwenye njia nyembamba ya mlimani, bata mzinga wa porini akaruka kutoka kichakani upande wa kulia. Penny alishtuka kama aliyepigwa risasi. Akajitupa pembeni, akayumba, na kwato yake ya nyuma ikashuka ukingoni mwa korongo. Sikuanguka. Alijivuta mwenyewe, akasimama akitetemeka, nami nikatetemeka juu yake. Nilidhani ni woga tu wa mnyama.

Siku nne baadaye nilimkuta bandani jicho la kulia limefumba, linatoa machozi. Kope zilipofunguliwa, jicho lilikuwa na ukungu wa kibuluu, kama kioo cha gari asubuhi ya baridi.

Daktari wa mifugo aliwasha taa yake ndogo, akatazama kwa muda mrefu. Huu ni uvimbe wa ndani ya jicho unaotulia na kurudi, akasema. Farasi huupata kuliko wanyama wengine, na ndio unaowapofusha kuliko sababu nyingine yoyote. Watu wa zamani waliuita upofu wa mwezi, kwa sababu waliona unakuja na kuondoka wakadhani unafuata mwezi. Ukiwa umetulia, mtu asiyejua hawezi kuona kitu.

"Hii ni mara ya kwanza?" nikamuuliza.

Akanionyesha kingo za mboni. Zilikuwa na makovu, na sehemu moja ilikuwa imeshikana na lenzi nyuma yake. "Hapana," akasema. "Huyu ameshapitia haya mara kadhaa. Upande huu haoni vizuri tangu zamani."

Aliniachia matone ya atropini na dawa ya kupunguza uvimbe, na ankara. Jicho lingetulia, akasema, kisha lingerudi, na kila likirudi lingeondoka na kipande cha nuru.

Nilimpigia mzee jioni hiyohiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilitarajia akane, aseme ugonjwa umempata kwangu. Hakukana.

"Jicho la kulia?" akauliza kabla sijasema ni lipi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, binti. Uliniuliza miguu, nikakwambia ukweli wa miguu. Uliniuliza kwato. Macho hukuuliza."

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa tayari kulisikia. Kabla yangu walikuja watu wawili. Wote aliwaambia habari ya jicho, wote wakaondoka. Aliyefuata kumpigia simu alikuwa mnunuzi wa minada. Tangu mwaka 2007 hakuna kiwanda kinachochinja farasi nchini Marekani, lakini malori bado yanawabeba kwenda Mexico na Canada, na farasi mwenye kasoro anayeingia mnadani hajui lori gani litamchukua. "Nilikutazama," mzee akasema, "nikaona utampenda. Nikakupunguzia elfu moja. Sikujua njia nyingine."

Nilikata simu bila kuaga. Nilitaka kumchukia, ikanishinda, na kushindwa huko kukanikasirisha zaidi.

*

Tuna msemo nyumbani kwa mtu aliyefanyiwa kama mimi: kauziwa mbuzi kwenye gunia. Na tunamcheka yeye aliyeuziwa. Tunasema si angelifungua? Kuuliza si ujinga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hekima nyingi za sokoni zimemwelekea mnunuzi, kumwonya, kumlaumu. Muuzaji anapita katikati yake bila kuguswa.

Nilianza kusoma usiku, kama afanyavyo mtu aliyeumizwa akitafuta jina la kilichomuumiza. Nikakuta swali langu lina miaka zaidi ya elfu mbili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athene kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake kuna mfano huu. Kisiwa cha Rhodes kina njaa. Mfanyabiashara anawasili na meli ya nafaka kutoka Alexandria. Njiani ameona meli nyingine nyingi za nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie watu wa kisiwa, bei ianguke? Au anyamaze, auze ghali?

Cicero anatuletea wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, anasema muuzaji ataje zile kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, kisha auze apendavyo. Kutosema kitu si sawa na kukificha. Mwanafunzi, Antipater, anakataa. Wanadamu ni ndugu, anasema, na ndugu hafaidiki kwa ujinga wa ndugu yake. Diogenes anamjibu kwamba kwa hesabu hiyo hakuna kuuza tena, kuna kugawa tu. Cicero mwenyewe anaegemea kwa mwanafunzi.

Mzee wangu alikuwa mtu wa Diogenes bila kumsoma. Na nilipojaribu kuwa mwaminifu, niliona Diogenes ana hoja. Muuza nyanya wa Majengo hana wajibu wa kuniambia kwamba mwenzake wa kona ya pili anauza rahisi. Hiyo ni habari ya soko. Lakini jicho la Penny halikuwa habari ya soko, lilikuwa habari ya Penny mwenyewe. Meli zinazokuja hazibadilishi nafaka iliyomo gunianikwangu. Jicho linambadilisha farasi niliyekalia ukingoni mwa korongo.

Karne nyingi baada ya Cicero, mtawa Thomas Aquinas aliuliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro, na mfano wake, nilicheka peke yangu nilipoufikia, ni farasi mwenye jicho moja. Anasema kasoro ikiwa wazi, kama ya farasi huyo, na bei ikapunguzwa inavyostahili, muuzaji anaweza kunyamaza, kwa maana mnunuzi ana macho yake. Lakini kasoro ikiwa imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, kunyamaza ni dhambi. Mzee alitimiza nusu ya sharti. Alipunguza bei. Lakini jicho la Penny siku ile lilikuwa linang'aa.

Na ipo hadithi ambayo wengi tumeisikia tangu utotoni, ya Mtume kupita kwa muuza chakula sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kama onyo dhidi ya udanganyifu. Safari hii niliona jambo jingine. Yule muuzaji hakuwa ameulizwa chochote. Hakusema uongo wowote. Lawama ilianza kabla ya swali.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo la "hukuuliza". Swali ni mali. Mtu hawezi kuuliza kuhusu jicho kama hajui kwamba macho ya farasi huugua kwa vipindi. Maswali yangu kumi na moja yalikuwa yote niliyokuwa nayo, na yule aliyeona vizuri zaidi kwamba hayatoshi alikuwa mzee. Mjuzi wa farasi angeuliza, akajibiwa, akaondoka. Kanuni ya "hukuuliza" inamlinda anayejua na kumnyonya asiyejua, na wakati huohuo inamwacha muuzaji aondoke akijiita mkweli. Wajibu wa kusema, kwa jinsi ninavyouona mimi, unapaswa kukua kadiri pengo la ujuzi kati ya wawili linavyokua. Yule asiyejua la kuuliza ndiye anayedai jibu kuliko wote.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeridhika na hoja yangu, nilipokumbuka Msalato.

*

Mnada wa Msalato uko nje kidogo ya Dodoma mjini. Siku za Jumamosi kuna vumbi, moshi wa nyama choma, madalali wenye fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Orodha ya mahitaji ilikuwa imebandikwa ukutani nyumbani: ada, tranka, godoro, ndoo, reki. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mshahara wake ulikuwa umeshagawanywa kabla haujafika. Tulikuwa na ng'ombe watano. Aliyeuzwa alikuwa jike jekundu lenye baka jeupe tumboni.

Aliyemnunua alikuwa kijana, pengine miaka ishirini na mitano, amevaa katambuga. Alisema ameoa juzi, anatafuta ng'ombe wa kuanzia, watoto wakija wapate maziwa. Alimkagua meno. Akapapasa kiwele. Akamuuliza baba, "Mwalimu, huyu amezaa mara ngapi?"

"Mara mbili," baba akasema.

Ilikuwa kweli. Alizaa mara mbili, kisha akatupa mimba mara mbili, ya mwisho miezi michache tu kabla ya siku ile. Nilikuwepo asubuhi tulipoikuta kwenye majani. Nilishika kamba, nikamtazama baba, nikasubiri sentensi ya pili. Haikuja. Kijana akahesabu fedha.

Njiani kurudi nilimwuliza, "Baba, mbona hukumwambia?"

"Hakuuliza," baba akasema, akaongeza mwendo.

Neno lilelile, bahari na nusu ya dunia katikati. Nilikuwa nimelizika vizuri. Nilisoma, nikawa mtaalamu wa maabara, nikafanya kazi hospitalini nyumbani kabla ya kuondoka, nikapima damu za wafugaji wenye homa zisizoisha na maumivu ya viungo. Najua ng'ombe anayetupa mimba mara kwa mara anaweza kuwa na nini, na najua kinachoweza kumpata anayekunywa maziwa yake bila kuyachemsha. Sababu za kutupa mimba ni nyingi, na yule mwekundu hakupimwa. Lakini baba hakuhitaji maabara kujua kwamba kuna jambo. Alijua, kama mzee alivyojua.

Nilimpigia baba Jumapili. Nikamwamkia, tukaulizana hali, nikamsimulia habari za farasi. Akasikitika. Kisha nikamwuliza kama anamkumbuka ng'ombe mwekundu.

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Yule kijana wa katambuga," akasema. "Miaka mingi nikienda Msalato namtafuta kwa macho. Nataka nimwone, na naogopa nimwone."

"Ungemwambia nini, baba?"

"Sijui." Akakohoa. "Mwanangu, lile godoro ulilililalia miaka minne."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananikumbusha kitu ambacho hoja yangu nzuri ilikuwa imekiruka. Nilikuwa nimemweka mzee wa Kentucky kizimbani nikiwa nimeketi juu ya godoro lililonunuliwa kwa ukimya uleule. Elimu iliyonipa uwezo wa kumsoma Cicero saa saba za usiku ililipiwa na kijana ambaye hakujua la kuuliza. Sikumwambia baba kwamba nimemsamehe, kwa sababu si mimi niliyekosewa. Na aliyekosewa hatuna hata jina lake.

*

Mwaka jana nilipata kazi jimbo jingine, mbali. Nisingeweza kuhama na farasi. Nikaandika tangazo: jike, mpole, mwendo laini, miguu mizima. Kila neno la kweli. Nilijiambia kwamba habari ya jicho nitaitaja mtu akija, uso kwa uso, si jambo la kuandika.

Walikuja mama na binti yake wa miaka kama kumi na minne. Binti alimpanda, Penny akaenda telki yake ile, na msichana akageuka na uso ambao ningeweza kuutambua popote. Mama aliuliza maswali mazuri. Anapiga teke? Anakubali kupanda gari? Anakula nini? Nilijibu kila moja kwa ukweli. Kisha akafunga daftari lake.

"Nadhani ni hayo tu," akasema.

Ukimya ukaja, na sasa nilikuwa upande wa pili wa uzio. Nilikuwa nimedhani kwamba ndani ya ukimya ule kuna ujanja. Hakuna. Ndani yake kuna uchovu, na mambo ya busara. Jicho lilikuwa limetulia miezi saba. Bei yangu ilikuwa ya chini. Msichana alikuwa ameshampenda. Mama ni mtu mzima, angeweza kuleta daktari. Na wakiondoka, je? Lori? Hakuna hata wazo moja katika hayo lililokuwa la mtu mbaya. Nilimwelewa mzee, nikamwelewa baba, na nikaona ingekuwa rahisi sana kuwa mmoja wao.

Nilimtazama msichana juu ya tandiko, mguu wake wa kulia ukining'inia upande ambao Penny hauoni vizuri. Nikakumbuka kwato ikishuka ukingoni.

"Hujaniuliza macho," nikasema.

Nikawaeleza yote: jina la ugonjwa, matone, gharama, korongo. Mama alinishukuru kwa sauti iliyokauka. Binti alilia akishuka. Waliondoka.

Nilibadilisha tangazo, nikaweka jicho mstari wa kwanza. Wiki tano hakupiga mtu ila mnunuzi wa minada aliyetoa dola 600, ambaye angalau hakuficha alikokuwa anakwenda. Nikamkatalia. Nililipia banda mwezi mmoja zaidi nikiwa nimeshahama, fedha nilizokuwa nazo kwa sababu sasa nina mshahara mzuri. Nalisema hilo kwa makusudi. Ukweli wangu ulikuwa na bei, na nilikuwa na uwezo wa kuilipa. Mzee alikuwa na magoti mabovu na majira ya baridi yanakuja. Baba alikuwa na orodha ukutani. Sidhani kwamba hilo linawasafisha. Wote wawili walimpa gharama yao mtu mwingine aibebe, tena mtu asiyejua kwamba amebebeshwa. Lakini linanizuia kujiona bora kuliko wao.

Mwisho alikuja mwanamke mstaafu mwenye shamba tambarare na farasi mmoja mzee aliyehitaji mwenzake. Aliwahi kuwa na farasi kipofu kabisa. Aliuliza swali moja, "Upande gani?" Mfanyakazi mwenzangu, aliyenisimamia mauzo, akamwambia kulia. Mwanamke akazunguka akasimama kushoto, Penny amwone, ndipo akamgusa shingo. Alilipa dola 500.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia baba kwenye simu, yule mama na binti yake, mnunuzi wa minada, yule mstaafu, hesabu zote.

"Umepata hasara," akasema.

"Nimepata, baba."

"Yule mama wa kwanza. Ulimwambia habari za jicho?"

"Nilimwambia."

"Alikuuliza?"

"Hakuuliza," nikasema.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko baridi imeanza.